Nyumba kumi za koperative: tuhesabu viangazi, si miezi



Wanamemba wakipatana kujenga nyumba zao pamoja, kwenye uwanja mmoja wenye kisima kimoja na depo moja ya mahindi, ulizo la kwanza ni: "Tutaingia lini?" Wengi wanajibu mwaka moja. Kwa nyumba kumi, sisi tunasema viangazi vitatu. Sababu njo hii.

Mvua. Hapa Kamina mvua inaanza mwezi wa kumi na inaisha karibu mwezi wa ine. Wakati ule tofali mbichi haikauke vizuri, na mikono yote iko shambani. Tunabaki na miezi mitano, wa tano mpaka wa tisa. Tena mwisho wake tunatayarisha mashamba.

Matofali. Nyumba ya mita 6 kwa 7, pamoja na kuta za ndani, inafika kama mita za mraba 100 za ukuta. Kwa tofali ndogo ya kuchoma, hesabu 60 kwa kila mita: ni 6000 kwa nyumba moja, 60 000 kwa nyumba kumi. Kikundi kinachofyatua 500 kwa siku kinahitaji siku 120 za kazi. Ongeza majuma mawili au matatu ya kukausha, siku za kuchoma, na juma moja tanuru ipoe. Kikundi kimoja hakitamaliza kiangazi kile. Vikundi viwili vinaweza.

Mpango wetu:

- Kiangazi cha 1: karatasi za udongo, kisima, matofali. Kwa sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali. Kukubaliwa na chifu ni mwanzo tu. Muende pia ku biro ya udongo. Matofali yaliyochomwa yafunikwe mbele ya mvua.
- Kiangazi cha 2: misingi na kuta za nyumba tano, na mabati juu yake mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa.
- Kiangazi cha 3: nyumba tano zingine, milango, vyoo, depo.

Msianze nyumba zote kumi mara moja. Kuta kumi zilizojengwa kwa udongo bila mabati, mvua itazikula, na michango ya watu wote itaenda na maji. Nyumba tano zenye mabati zinabaki.

Lakini nani ataingia kwanza? Hapa njo koperative nyingi zinaweza kuvunjika. Mama mjane aliyelipa mchango sawa na wengine hawezi kungojea mwaka bila kujua zamu yake. Pigeni kura mbele ya tofali ya kwanza, muandike majina kumi kwa mfuatano, kila mtu atie sahihi au kidole. Andikeni pia kwamba walioingia kwanza wataendelea kufanya kazi mpaka nyumba ya kumi.

Na shamba lisiachwe. Mwaka wa kujenga, familia inakula vilevile.