Tupime Gari kwa Kazi Yake

Katika baraza zetu za jioni, vijana hushindana kwa maneno juu ya magari ya mbio wanayoyaona katika picha. Ubishi huo hatuudharau, kwani una elimu ndani yake. Leo tumeona yafaa kuweka magari mawili katika mizani moja: Bugatti Chiron, lililoonyeshwa mwaka 2016, na Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959.

Chiron liliundwa Molsheim, Ufaransa. Injini yake ina silinda 16, ujazo wa lita 8 na nguvu za farasi 1,500. Uzito wake wakaribia tani 2, na mwendo wake umewekewa kikomo cha kilomita 420 kwa saa. Mafundi wake wanastahiki sifa. Lakini lachukua watu wawili tu, na yalitengenezwa magari 500 kwa ajili ya matajiri wa dunia. Kwa mwendo huo, kisiwa cha Unguja, chenye urefu wa kilomita 85 hivi, kingemalizika kwa dakika 12. Baada ya hapo dereva angekuwa baharini.

Mini asili yake ni dhiki. Mwaka 1956 Misri iliutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia. Mfereji ukafungwa, na Uingereza yenyewe ikalazimika kugawa petroli kwa kipimo. Hapo ndipo kampuni ya British Motor Corporation ilipomtaka mhandisi Alec Issigonis abuni gari dogo lisilokula mafuta mengi. Issigonis aliilaza injini kwa upana, akaliweka sanduku la gia chini yake, na nafasi iliyobaki akawapa watu. Hivyo gari la urefu wa mita 3 tu, lenye injini isiyofika lita moja, likachukua watu wanne na mizigo yao. Kasoro halikukosa, ya mwanzo yalivuja maji ya mvua. Hata hivyo, Mini Cooper S, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, lilishinda mbio za Monte Carlo miaka ya 1964, 1965 na 1967. Hadi mwaka 2000 yalikwisha kutengenezwa zaidi ya milioni 5.

Chiron lajibu swali hili: mwendo waweza kufika wapi? Mini lajibu jingine: mtu wa kawaida atafikaje aendako? Sisi wa visiwani, ambao kila tone la petroli latujia kwa meli, swali letu ni hilo la pili.

Maneno haya twayaelekeza kwanza kwa viongozi wenye dhamana ya kutia saini ununuzi wa magari ya umma. Gari kubwa lina mahali pake: njia mbovu ya shamba, au mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku wa mvua. Lakini kumchukua mtu mmoja kutoka ofisini hadi mkutanoni, mjini humu humu, kwa gari la kupandia milima ni israfu. Mali ya umma ni amana, na anayelipa ni mchuma karafuu na mvuvi ambao wao wenyewe huenda kwa miguu.

Wazee wetu mabaharia walituusia: usisafirie nyota ya mwenzio. Basi kabla ya kuagiza gari, na tuulize kwanza kazi yake.