AFYA YA FAMILIA: Moshi Jikoni Si Jambo la Kuzoea



Katika nyanda zetu za juu, Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kukaa karibu na moto. Njombe na Makete usiku huwa na baridi ya kutetemesha, na huko Kitulo asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Madirisha hufungwa, watoto husogezwa jikoni, na kikohozi huanza. Tumezoea kusema kikohozi hicho kinaletwa na baridi. Mara nyingi moshi nao unahusika. Moshi mwingi ni dalili kwamba moto umekosa hewa au umepewa kuni mbaya, na kasoro hiyo twaweza kuirekebisha wenyewe nyumbani.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kati yao watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huwaletea watoto wadogo nimonia. Akina mama waliopika kwenye moshi kwa miaka mingi hupata magonjwa sugu ya mapafu, ya moyo na ya macho.

Jiko linavyopumua

Jiko la kuni huvuta hewa safi chini na kutoa moshi juu kwa njia ya dohani. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda, na ikipanda huvuta hewa nyingine nyuma yake. Nje kukiwa na baridi kali na dohani ikiwa ya moto, mvuto huo huwa na nguvu. Lakini baridi yetu si kali kama ya Ulaya. Siku ambayo nje kuna joto kidogo, hasa wakati wa kuwasha au moto ukiwa mdogo, mvuto hulegea na moshi hurudi ndani. Ndiyo maana jiko lile lile laweza kufuka leo, na kesho lisifuke.

Jiko likifuka, kagua mambo manne

1. Kuni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo kwanza, na moshi hujaa nyumba. Kuni za mlingoti, muwati au msindano zipasuliwe, zipangwe juu ya mawe chini ya paa, pembeni pawe wazi upepo upite. Zikae miezi sita au zaidi. Basi kuni za Juni zitayarishwe tangu Septemba au Oktoba. Kuni kavu ni nyepesi, ina nyufa miishoni, na ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio mkali. Kuni mbichi hutoa mlio mzito. Usiwashe moto kwa plastiki wala mbao zenye rangi au dawa. Moshi wake ni sumu.

2. Njia ya hewa. Majivu yakijaa, hewa haipiti. Yatoe kila asubuhi. Usijaze mdomo wa jiko kwa magogo. Weka vipande vyembamba vichache, uache nafasi chini yake.

3. Dohani. Masizi hupunguza upana wa dohani, na yakiwa mengi yanaweza kushika moto na kuunguza nyumba, hasa ya nyasi. Isafishwe kabla ya miezi ya baridi, kisha ikaguliwe kila mwezi, jiko likiwa limepoa. Dohani ipite juu ya kilele cha paa. Kama moshi unarudi wakati wa kuwasha, choma kwanza nyasi kavu kidogo chini ya dohani ili ipate joto.

4. Moto wa kufifia. Baridi ikiwa ndogo, wengine huweka gogo kubwa na kuziba mlango wa hewa ili moto udumu usiku kucha. Moto wa namna hiyo hauwaki sawasawa. Hutoa moshi na masizi mengi. Ni afadhali kuwasha moto mdogo wenye ndimi angavu, kwa vijiti vikavu, nao uishe wenyewe.

Hatari isiyo na moshi

Kuna kosa kubwa kuliko yote: kuingiza jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Mkaa uliokolea haufuki, hivyo watu hudhani ni salama. Kumbe hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asiamke tena. Kufunika mkaa kwa majivu au kuacha dirisha wazi kidogo hakuondoi hatari. Mtoto mchanga afunikwe vizuri, na ninyi wengine mwongeze blanketi na soksi, lakini jiko libaki nje.

Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka wanaumwa kichwa pamoja, shukuni gesi hiyo. Fungueni milango, watoeni wote nje penye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali upesi, hata anayesema amepata nafuu. Anayeokoa asikae ndani kwa muda mrefu.

Kazi ya wote

Akina baba, jiko si la mama peke yake. Kupasua kuni, kusafisha dohani na kutoboa dirisha la jikoni ni kazi inayookoa watoto wenu. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, mnapowatembelea wazee na wajane, tazameni pia jiko lao. Wengi hawana nguvu za kupanda juu kuondoa masizi, wala kuni kavu za kuwatosha hadi Agosti. Vijana wawili au watatu wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja.