Mshumaa Ukishayeyuka: Uchunguzi wa Chanzo cha Moto Nyumbani

Umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa Agosti 25, 2023, mishumaa iliwashwa Thika na Ruiru kama kwingineko. Katika mitaa ya vyumba vya mabati kama Kiandutu, Thika, mshumaa ni mwangaza wa kawaida. Nyumba ikiteketea, majirani hukata kauli mapema: "Ni mshumaa." Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mchunguzi wa moto hana budi kuitilia shaka methali hiyo, na makala haya yanadhamiria kueleza ni kwa nini.

Kwanza, mchunguzi huuliza moto ulianzia wapi kabla ya kuuliza ulianzishwa na nini. Hutoka sehemu zilizoungua kidogo akielekea zilizoungua zaidi. Ukutani, masizi huweza kuacha alama yenye umbo la herufi V, ncha yake ikielekea chini ulikoanzia moto. Hata hivyo, joto la chumba likifikia takriban nyuzi 600 za selsiasi, karibu kila kitu huwaka kwa pamoja na alama hizo huvurugika.

Pili, hutafuta mabaki. Nta huyeyuka kwenye takriban nyuzi 60, lakini ikipenya ufa wa sakafu huweza kusalia, sawa na kopo au kisahani kilichoushikilia mshumaa. Maabara hutenganisha kemikali za mabaki hayo: mafuta ya taa yana molekuli nyepesi, ilhali za nta ni nzito zaidi. Hata hivyo, mafuta ya taa pekee hayathibitishi uhalifu katika nyumba yenye stovu.

Kosa hapa lina gharama. Huko Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham aliuawa kwa hukumu ya kifo mwaka 2004, kufuatia moto wa 1991 uliowaua binti zake watatu. Wataalamu walioupitia ushahidi huo baadaye walisema kwamba alama zilizotajwa mahakamani hazikuthibitisha kuwa nyumba ilichomwa makusudi.

Kwa hivyo, kukosekana kwa chanzo kingine hakuufanyi mshumaa kuwa chanzo. Aghalabu aliyeuwasha ni mzazi ambaye tayari amepoteza nyumba, pengine na mtoto. Sisi wanafunzi wa lugha twajua umbali uliopo kati ya "huenda ni" na "ni". Mzazi huyo anastahili tuuheshimu umbali huo, hata ikiwa jibu la mwisho ni kwamba chanzo hakikubainika.