Jeni Yenye Kudhuru na Kukinga

Ugonjwa wa selimundu hutokana na badiliko dogo mno katika jeni ya himoglobini. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Mbona basi jeni hiyo haikutoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hivyo, penye malaria nyingi, watu hao walinusurika na kuzaa zaidi, nayo jeni ikaenea. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuugua selimundu. Yafaa wachumba wapimwe damu mapema.