Medali ya mufalme haiko mitraille

Huku kwetu Kolwezi tunajua kupima shaba. Mutu akileta mufuko, tunauliza: kilo ngapi, teneur ngapi? Lakini iko shaba moja yenye mizani haiwezi kuipima: ile medali ya zamani inayolala mu sanduku ya babu, chini ya buku yake ya kazi.

Ku Ulaya watu wanakusanyaka medali za kutawazwa kwa wafalme, na wanazilipia. Nyingi ni za Waingereza. George VI alivikwa taji tarehe 12 Mei 1937, Elizabeth II tarehe 2 Juni 1953, na kila mara medali zilifika mpaka mu makoloni yao. Zambia ilikuwa moja ya makoloni hayo, na wengi wetu tuko na jamaa kule. Kwa hiyo moja inaweza kuonekana hata mu nyumba ya hapa.

Wabelgiji ni tofauti. Mufalme wao havikwi taji, anaapa tu mbele ya bunge, sawa vile Baudouin alifanya tarehe 17 Julai 1951. (Huyu njo Bwana Kitoko wa wazee wetu, aliyekuja Kongo mu 1955.) Mutu akikuuzia «medali ya taji la Baudouin», muulize kwanza: taji gani?

Yenye kutugusa sana njo medali ya sultani. Serikali ya Leopold II ilitoa dekre tarehe 6 Oktoba 1891 juu ya kutambua masultani. Miezi miwili na nusu nyuma yake, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa kule Bunkeya, na mutoto wake Mukanda-Bantu akawekwa pa nafasi yake. Tangu siku zile, sultani aliyekubaliwa na Wazungu alivaa medali shingoni. Kwa Kifaransa waliitwa «chefs médaillés». Lakini mufalme wa Walunda, Mwant Yav, kule Musumba, hatawazwi na medali: anavalishwa lukano ku mukono. Lukano inatoka kwa mababu, medali ilitoka biro. Watu walijua tofauti.

Sasa vijana wanachukua vitu hivi ku depot ya mitraille. Tufanye hesabu: medali ya gramu 60, hata ikiwa shaba tupu, haifike dola moja. Nusu ya mukate, na jina ya babu imeingia mu moto.

Basi, mama, baba, usiisugue na muchanga wala asidi. Ile rangi nyeusi ya uzee njo wakusanyaji wanatafuta. Utepe na munyororo uviache pale pale. Andika pa karatasi nani aliivaa, mugini gani, mwaka gani, na uiweke pamoja nayo. Medali yenye jina na medali bila jina haziko bei moja. Na mbele ya kupokea franka ya mutu yeyote, ipeleke kwanza ku Musée ya Lubumbashi wakaiangalie.