Mto Ruzizi: Maji Yaliyogeuziwa Njia

Aghalabu mto huchukuliwa kuwa kitu kisichobadilika: una chanzo chake, una mwisho wake, na mwanafunzi hutakiwa kuvikariri vyote viwili. Mto Ruzizi, unaoyatoa maji katika Ziwa Kivu na kuyamwaga katika Ziwa Tanganyika, unayapinga mazoea hayo. Urefu wake ni kilomita 120 hivi tu, lakini katika masafa hayo mafupi huteremka takribani mita 700, kwani Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari ilhali Tanganyika liko mita 770 hivi. Wakongomani huuita Ruzizi. Wanyarwanda na Warundi husema Rusizi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mto huu ulivyoipata njia yake na maana ya njia hiyo kwa wanaoishi kandokando yake.

Katika karne ya 19 mto huu ulizua ubishi mkubwa. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walielezwa na wenyeji kwamba Ruzizi unaingia Tanganyika. Hawakufika mlangoni pake kujionea. Baadaye Burton alishikilia kinyume cha maelezo hayo, akidai kuwa mto huo unatoka ziwani kuelekea kaskazini na hatimaye kulisha Naili. Mwishoni mwa mwaka 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliabiri kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakakuta maji yanaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu awali. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasadiki.

Hata hivyo, historia ya ardhi ina kinaya chake. Zamani sana Kivu lilikuwa likitiririkia kaskazini, upande wa Ziwa Edward, na kwa hivyo katika bonde la Naili. Kisha volkano za Virunga ziliinuka ndani ya bonde la ufa, na lava yake ikaiziba njia hiyo mithili ya ukuta. Maji yalipokosa pa kwenda yalipanda, yakajaa, na takribani miaka 10,000 iliyopita yakapata upenyo upande wa kusini. Hivyo ndivyo Ruzizi wa leo ulivyozaliwa. Maji ambayo yangeishia Bahari ya Mediterania sasa huingia Tanganyika, hutokea kwa Mto Lukuga hadi Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Tanganyika nalo halikubaki vilevile, maana sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka zinazoingia humo huletwa na Ruzizi.

Mto huanzia kati ya mji wa Bukavu, upande wa Kongo, na wilaya ya Rusizi nchini Rwanda. Sehemu yake ya juu hupita kwa kasi katika makorongo membamba, ikiwa mpaka wa nchi hizo mbili. Baada ya kukutana na Mto Ruhwa, Burundi huchukua nafasi ya Rwanda, na mto hutulia katika uwanda mpana wenye joto, ambako hulimwa mpunga, mahindi na muhogo.

Mteremko huo ndio uliowavutia wajenzi wa mitambo ya umeme. Bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu na ziwa. La pili, ambalo ni mali ya nchi zote tatu, lilianza kazi mwaka 1989. Tatizo ni kwamba taka za plastiki zinazotupwa ziwani na mijini huteremka na kujazana mbele ya bwawa la kwanza, zikaitatiza mitambo. Anayetupa chupa Bukavu huenda asijue kuwa anajizimia taa mwenyewe.

Kama mpaka, Ruzizi hutenganisha watu ambao wengi wao wanaelewana kwa Kiswahili, kuanzia Bukavu na Uvira hadi Bujumbura. Nyakati za vita hugeuka kivuko. Mnamo Februari 2025, mapigano yalipoikumba Kivu Kusini, maelfu ya Wakongomani waliuvuka kuingia Burundi, wengine kwa vyombo hafifu, na wapo waliokufa maji.

Karibu na Bujumbura mto hugawanyika katika delta iliyo tambarare mno. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, huo wa Lukuga, ulio mbali huko Kalemie. Kwa hiyo ziwa likijaa, maji ya Ruzizi hukosa pa kushukia upesi nayo husambaa nchi kavu. Mwezi Aprili 2020 mto ulivunja kingo zake na kuifurikia Gatumba, na maelfu ya wakazi wakayahama makazi yao.