Godoro Ndani ya Lori: Santuri Inapohamia Kwenye Kompyuta

Wenye sahani za santuri za wazazi wao huuliza swali moja tena na tena. Nimechomeka gramafoni moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, nimebonyeza kitufe cha kurekodi, wimbo umeingia. Mbona besi haipo, mikwaruzo imezidi, na mwimbaji anasikika kana kwamba yupo upande wa pili wa simu? Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba sahani imechakaa. Jibu la wauza vifaa ni kwamba kompyuta yako dhaifu, nunua kadi ya sauti ya biti 24. Yote mawili hayagusi kiini. Sahani hiyo hata ingetoka kiwandani jana ingelia vilevile, kwa sababu kilichochongwa juu yake si wimbo kama ulivyoimbwa studio. Ni wimbo uliopindwa kwa makusudi, kwa kipimo kinachojulikana, ukasubiri mtu wa kuunyoosha. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita “sauti ya zamani” katika nyimbo zilizohamishwa kutoka santuri haina uhusiano na uzee. Ni kunyoosha kulikorukwa, au kulikofanywa kwa kipimo cha sahani nyingine.

Mambo ya programu gani upakue na kitufe kipi ubonyeze nayaruka. Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000 na inatosha. Utamu upo kwenye mfuo wenyewe. Upande mmoja wa sahani ya LP una mfuo mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, muziki wa dakika 22 unahitaji mizunguko zaidi ya 730, nayo yote ibanwe katika ukanda usiofika sentimita 9. Kila mzunguko unapewa nafasi ya takriban mikromita 120, karibu moja ya nane ya milimita. Ukiunyoosha mfuo huo ardhini, unafika karibu nusu kilomita. Sindano hupita humo ikiyumbishwa na kuta za mfuo, na kuyumba huko ndiko kunakotikisa sumaku ndogo karibu na koili na kuzalisha umeme wa milivolti chache.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kufurahisha. Umeme unaotoka kwenye koili haufuati umbali ambao sindano imeyumba. Unafuata kasi ya kuyumba. Chukua sauti ya kati, ya hezi 1,000, iliyochongwa ili sindano ifikie kasi ya sentimita 5 kwa sekunde. Sindano itayumba mikromita 8 tu kila upande. Sasa chonga besi ya hezi 50 kwa kasi ileile, ili itoe umeme uleule. Kwa kuwa mtikisiko mmoja wa besi huchukua muda mrefu mara 20, sindano nayo itakwenda mbali mara 20, yaani mikromita 160. Kumbuka nafasi tuliyo nayo ni mikromita 120. Besi hiyo ingebomoa ukuta na kuingia kwa jirani. Upande wa pili, sauti kali ya hezi 10,000 kwa kasi hiyohiyo ingeyumba chini ya mikromita moja, udogo ambao vumbi na chembechembe za plastiki yenyewe huumeza bila shida. Hivyo ukichonga wimbo kama ulivyo, besi itavunja sahani na sauti kali itazama kwenye kelele. Mafundi wakaamua kuupinda: besi ishushwe kabla ya kuchonga, sauti kali ipandishwe, kisha amplifaya ya nyumbani ifanye kinyume chake kwa kipimo kilekile.

Mwaka 1954 chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, kiliweka kipimo kimoja cha kupinda ambacho baadaye kilikubaliwa karibu dunia nzima. Katika kipimo hicho, ukilinganisha na hezi 1,000, besi ya hezi 50 hushushwa takriban mara 7, na sauti ya hezi 10,000 hupandishwa karibu mara 5. Kati ya hezi 20 na hezi 20,000, tofauti yote inafikia karibu mara 90. Watu wa studio wamezoea kuiita kazi hii kusawazisha, nami neno hilo silipendi hapa: kusawazisha ni kwa kitu kilichokaa ovyo, na mfuo haukukaa ovyo hata chembe. Uliinamishwa na mtu aliyejua anachofanya. Ndiyo maana nasema kupinda na kunyoosha, na mwenye neno bora alilete.

Fikiria familia inayohama nyumba na kukodi lori moja dogo. Godoro la sponji la futi sita likilazwa jinsi lilivyo litakula nafasi yote na kusukuma makochi hadi barabarani. Kwa hiyo linakunjwa na kukazwa kamba. Hereni za dhahabu za mama, kinyume chake, zikitupwa tu ndani ya lori zitapotea kwenye vumbi la sakafuni. Kwa hiyo zinatiwa ndani ya kopo kubwa la biskuti ili zionekane. Lori likifika, godoro linafunguliwa kamba na kopo linatolewa hereni. Na hapa kuna ujanja ambao mimi hauniishi utamu: vumbi lililotua safarini limetua juu ya kopo, na kopo likiwekwa kando vumbi nalo linaondoka. Hivyo ndivyo amplifaya inavyofanya. Inaposhusha sauti kali irudi kimo chake, inashusha pamoja nayo mchakacho wa plastiki uliojipachika njiani, maana mchakacho wenyewe ni sauti kali. Aliyechomeka gramafoni kwenye tundu la maikrofoni amefika nyumba mpya na hakufungua kitu. Analala juu ya godoro lililofungwa kamba, na sikioni amening’iniza kopo la biskuti pamoja na vumbi lake. Halafu analilaumu lori.

Tiba ya kawaida si ghali sana. Amplifaya za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO. Ndani yake mna mkondo unaonyoosha mpindo wa RIAA na kukuza zile milivolti takriban mara 100. Kutoka hapo sauti inaingia kompyuta kwa tundu la laini, si la maikrofoni, ambalo katika laptopu nyingi ni la mono. Gramafoni za USB zimekuja na mkondo huo ndani yake. Lakini fundi anayenyoosha kwa RIAA anachukulia kwamba aliyefunga mzigo naye alifuata RIAA, na hapa kwetu dhana hiyo inaweza kuumiza.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master’s Voice. Hizo ni sahani za mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki, ule utomvu wa wadudu wa India, na zilichongwa miaka 26 kabla ya kipimo cha RIAA. Uchongaji wa umeme wa enzi hizo ulishusha besi kuanzia takriban hezi 250, si 500, na haukupandisha sauti kali kwa mpango wowote unaofanana na RIAA. Yaani godoro lilikunjwa nusu tu, na hereni hazikuwahi kutiwa kopo. Ukipitisha sahani hiyo kwenye tundu la PHONO, amplifaya inakuza besi kupita kiasi na kutupa “kopo” ambalo kumbe ni hereni zenyewe: sauti ya hezi 5,000 inapunguzwa zaidi ya mara mbili na nusu. Kinachotoka ni mwimbaji aliyefunikwa blanketi, na kizazi kinachosikiliza nakala hiyo kwenye simu kinaamini hivyo ndivyo taarabu ya kale ilivyosikika.

Mtu atapinga kwamba vyombo vya 1928 havikunasa sauti kali nyingi, kwa hiyo hakuna kikubwa kilichopotea. Ni kweli vilinasa kidogo, kiasi cha kufika hezi 5,000 hivi, na kwa sababu hiyohiyo kilichopo hakifai kupunguzwa tena. Sehemu ya juu ya masafa hayo ndiyo inayobeba ncha za konsonanti: s, sh, ch, t. Katika taarabu, ambamo msikilizaji anangoja fumbo lililo kwenye shairi, kuzima konsonanti ni kuzima nusu ya kazi ya mwimbaji. Mwingine atasema uharibifu halisi ni kompyuta kuikata sauti vipande 44,100 kwa sekunde, na kwamba katikati ya vipande kuna kitu kinachotoweka. Hakuna kinachotoweka. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1949 kwamba masafa yote yaliyo chini ya nusu ya idadi ya vipande hurudishwa kamili, na nusu ya 44,100 inapita uwezo wa sikio la binadamu. Kuhusu biti, 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96, ilhali sahani nzuri ya plastiki haivuki sana 70. Biti 24 zinasaidia tu kukuachia nafasi ya juu ili kilele cha sauti kisikatwe. Anayetumia fedha zake kwenye biti kabla ya kunyoosha anapaka rangi nyumba isiyo na paa.

Kuna kero moja ambayo kunyoosha kunaizidisha. Umeme wa gridi zetu hutetema mara 50 kwa sekunde, palepale ambapo kunyoosha kwa RIAA hupandisha sauti mara 7. Mvumo mdogo wa waya usiosikika kwingineko unakuwa ngurumo. Waya mwembamba wa ethi unaotoka gramafoni ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya, na adapta za chaji zikae mbali. Sahani zioshwe, sindano ya 78 iwe pana zaidi ya mara tatu kuliko ya LP.

Kwa sahani za 78 zilizopitishwa PHONO kwa kukosa njia nyingine, bado kuna nafasi. Kichujio cha mkunjo cha Audacity kina mpindo wa RIAA tayari, na kitufe cha kuugeuza juu chini. Ukiugeuza, unaurudisha wimbo ulivyokuwa kwenye mfuo, kisha unaweka mpindo unaofaa. Ila mpangilio una maana. Wengi wenye gramafoni isiyo na mwendo wa 78 huichezesha sahani kwa 45, kisha huiharakisha ndani ya programu. Wakati huo RIAA imekwisha kufanya kazi kwenye sauti iliyopunguzwa mwendo, hivyo ukiharakisha kwanza kila kona ya mpindo huhama pamoja na wimbo. Iondoe RIAA ikiwa bado kwenye 45, ndipo uharakishe, ndipo unyooshe kwa kipimo cha kampuni iliyochonga. Na kabla ya kugusa lolote, hifadhi faili ghafi ya WAV: dakika moja ya stereo hula takriban megabaiti 10 na nusu, na MP3 ya kutuma kwenye simu inaweza kusubiri.